Mwanafunzi Mgumu wa Makongeni

Makongeni, Jumamosi

Amefaulu! Leo naandika haraka, ugonjwa usinizuie.

Kiwandani kwa binti yangu Wanjiru wasimamizi waliambiwa wafaulu mtihani wa kupanga zamu na hesabu za stoo kwenye kompyuta, la sivyo warudi kufunga mikebe. Yeye ni msimamizi, lakini aliogopa hata kugusa kipanya. Ndipo nikamwomba, kila akija kutoka Ruiru kuniona, anifundishe alichosoma.

Siku zangu zimebaki chache, kwa hiyo nikiri hapa: nilikuwa nishajua. Nilijifunza mwenyewe kitandani, kwenye kompyuta aliyoniachia, asubuhi, kabla hajafika. Kisha akifika, nililiharibu jedwali makusudi na kumwita.

"Maitu, mbona jumla imekataa?"

Namwita hivyo, yaani mama kwa Kikuyu, kwa sababu ana jina la mama yangu. Hata kugomba anagomba kama yeye.

"Baba! Si nilikuonyesha Jumamosi? Shika hapa, vuta chini. Ngai, wewe ni mgumu!"

Kila aliponigombeza, mambo yalimwingia yeye kichwani.

Leo ameleta mkate na habari njema. Amenifunika blanketi, akafika mlangoni, akageuka.

"Baba, mtu asiyejua hawezi kuharibu pale pale mtihani unapouliza."

Nikajifanya nasinzia.

"Nitakuja Jumamosi. Na uharibu kitu kingine, hicho nishakijua."

Ee Mungu, nipe hiyo Jumamosi moja. Nishajua nitakachoharibu.