Kiberiti kwa Kadi

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Hujambo, mama? Kazi je, na baridi ya huko? Mimi mzima, ila goti tu linajidai limenizidi umri.

Habari yako nimeipata, kwamba mwisho wa mwezi utaifunga kadi uliyoniachia, na mwenye duka awe ananiletea vitu vyote nyumbani kwa mkupuo, wewe ukilipa huko huko. Umesema hutaki nihangaike na safari za dukani. Ahsante kwa kunijali. Lakini nakuomba, usiifunge.

Najua nimekuudhi. Juzi ulipiga simu ukaniuliza ni mzee gani mwenye akili timamu anayelipia kiberiti kwa kadi, asubuhi sabuni, mchana chumvi, jioni kiberiti kingine. Hata mwenye duka ananitania, ati nimemmalizia karatasi zote za mashine. Mtandao ukisumbua hutoka nayo hadi barabarani, kainyanyua juu, nami nyuma yake na mkate wangu, tukisubiri. Jana akanishauri nilipe taslimu tu nikapumzike. Nikakataa katakata. Akacheka, akasema uzee huu nao! Chumvi niliyonayo sasa, mwanangu, hata nikifungua mgahawa haitaisha.

Sasa nikwambie ukweli, maana kwenye simu ulimi huwa mzito. Uliponikabidhi kadi ulinieleza kwamba kila nikilipa, ujumbe unaingia kwenye simu yako palepale. Basi, tangu mama yako atutoke, nyumba imekuwa kimya mno. Kukupigia naogopa, nitakukuta kazini, utasema haraka haraka kwamba utanipigia baadaye. Kwa hiyo naenda dukani. Mashine ikilia, najua na simu yako imelia, na hata kama ni kwa sekunde moja, umemkumbuka baba yako. Ukikasirika ukapiga kunigombeza, loo, hiyo kwangu ni sikukuu. Nina hamu na wewe, mama. Nina hamu mno.

Nigombeze upendavyo, ila kadi iache. Na siku ukiona kimya tangu asubuhi hadi jioni, usiseme mzee kajifunza kubana matumizi. Njoo nyumbani.

Mkwe wangu msalimie, wajukuu wabusu mmoja mmoja, na wewe Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi,
Baba yako