Kura Nane za Kila Mbunge

Mtaa wa Chanmari,
Aizawl, Mizoram.
25 Julai 2022.

Mpendwa Shangazi Darthuami,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na huko Tahan, ng'ambo ya mpaka, mapigano yametulia kidogo, au bado mnalala roho juu? Sisi hatujambo. Mke wangu Biakmawii amepona kikohozi, na Baba, ndugu yako, ana nguvu kuliko mimi, kama utakavyosikia.

Shangazi, nimepanda ndege! Na aliyekaa kiti cha pembeni yangu alikuwa sanduku. Usicheke. Rais wa India hachaguliwi na sisi raia, anachaguliwa na wabunge wa Delhi na wa majimbo. Wetu arobaini walipiga kura Jumatatu iliyopita hapa bungeni ninapofanya kazi, nami nikakabidhiwa sanduku nilifikishe Delhi. Masharti ni makali: lisitoke mikononi mwa ofisa, lisilazwe, na kwenye ndege likatiwe tiketi yake.

Baba unamjua. Tangu jeshi la India lichome kijiji chetu na wewe ukavuka mpaka, hajapiga kura hata mara moja. Miaka ishirini nimefanya kazi serikalini, hajaniuliza hata siku moja nashinda nikifanya nini. Nimezoea, lakini inauma.

Basi Jumanne asubuhi, tukielekea uwanja wa ndege, tukafika karibu na Sihhmui tukakuta mlima umeporomoka na kuimeza barabara. Jasho likanitoka. Dereva wetu Kapzauva akawasha sigara bila wasiwasi.

"Unahangaika nini wewe? Kura ya mbunge mmoja wa Uttar Pradesh, kwenye watu wengi, inahesabiwa mia mbili na nane. Ya mbunge wetu inahesabiwa nane. Wote arobaini hawafikii wabunge wawili wa kule. Twende zetu tukanywe chai."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, ndiyo maana iliniudhi.

Nikampigia Baba, maana nyumba yake iko bondeni pale pale. Sikutarajia mengi. Akapanda na majirani wenye majembe, na mgongoni ana kapu lake la kuni. Akanyoosha mikono alipokee sanduku. Nikamwambia sheria hairuhusu, lazima nilibebe mimi. Nikajua nimeharibu. Kumbe alivua kapu, nikalipakia sanduku wima kwa mikono yangu, naye akanivika ukanda wa kapu kwenye paji la uso. Askari niliyepewa kulinda sanduku akafuata nyuma, Baba akatangulia akichonga ngazi kwenye tope.

Katikati ya mteremko akaniuliza humo ndani mna nini hata nijivunje shingo. Nikamweleza yote, pamoja na maneno ya Kapzauva. Akasimama.

"Nane ni chache," akasema. "Lakini walipotuchomea kijiji hatukuhesabiwa hata moja. Kanyaga hapa, usitazame chini."

Ng'ambo tukapata gari, na ndege tukaiwahi pua na mdomo. Sanduku likapewa dirisha, mimi nikaona mawingu kwa kuchungulia. Alhamisi kura zikahesabiwa, na Mizoram ilipotajwa nilijikuta nimesimama peke yangu, watu wakanishangaa. Sikujali!

Jana baada ya ibada Baba akaja kwangu, akauliza mtu anakuwaje Rais. Nikamwambia awe raia, awe ametimiza miaka thelathini na mitano, na jina lake liwe kwenye daftari la wapiga kura. Tena Rais akifa, makamu anashika kiti, na ndani ya miezi sita anachaguliwa mwingine.

"Kumbe urais nimeukosa kwa daftari tu," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Niandikishe."

Shangazi, nililia mbele yake, na sioni haya kukuambia.

Sasa fomu inataka tarehe ya kuzaliwa. Vitambulisho vyake vina tarehe ya kukisia, na daftari la kanisa liliungua pamoja na kijiji. Wanakubali makadirio, ila yeye hataki, anasema safari hii aandikwe kwa siku yake ya kweli. Wewe ulikuwepo alipozaliwa, na hakuna mwingine aliyebaki. Tafadhali tuandikie.

Msalimie binamu Ngurchhingi na wanawe wote. Mungu awafunike salama ninyi na paa lenu.

Ni mimi, mtoto wa ndugu yako, nikupendaye daima,
Rohlupuia.

Baba ameomba aandike mwenyewe hapa chini:

Dada, kama tarehe imekutoka, hata mwezi utanitosha. Nina miaka sabini na nne hivi, na nina haraka.