Babu Hataki Vichujio Vioshwe

Trujillo, Jumamosi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko mgodini Chile imepungua. Paka wetu amezaa nyuma ya gunia la mchele, nami nimefaulu hesabu.

Ila Babu amenichosha. Mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba vichujio vya kivuta moshi, kile cha juu ya jiko, hulowekwa katika maji ya moto yenye sabuni, la sivyo mafuta huganda humo na kushika moto. Nilipovitoa vya jikoni mkahawani kwetu, Babu alinirukia.

"We Suyin, rudisha! Karai halioshwi kwa sabuni, utamu wote umo humo!"

"Babu, hivi ni vichujio, si karai. Hakuna anayepika humo."

"Lo, profesa! Chifa yangu, mkahawa wa Kichina kama huu, hujaa wateja kila siku, leo wewe ndiye wa kunifundisha jiko?"

Nikavirudisha.

Mama amenikataza kukuandikia haya. Alhamisi alikuwa akikaanga wali, moto wa karai ukaruka juu, na mafuta ya vichujio yakamdondokea mkononi yakiwaka. Alizima gesi, jirani akaja na kizimamoto. Sasa amefungwa bendeji hadi kiwiko, anapika kwa mkono wa kushoto chini ya vichujio vilevile. Babu anasema hiyo ni ajali tu ya jikoni.

Mimi ni mjukuu, hanisikii. Wewe ni mwanawe. Nakutumia picha ya barua hii kwa simu leo, basi mpigie kesho asubuhi, kabla hatujawasha jiko. Usimgombeze, mwombe tu aniruhusu. Maji nitakuwa nimeshayachemsha kwa birika la umeme.

Binti yako,
Suyin