Kidole Chako Hawakunipa

Mama,

Walivunja filimbi yako ya udongo juu ya kaburi, pamoja na chungu chako cha maji, kama desturi inavyotaka. Hata ningewazuia, nani angenisikiliza? Kisha wajomba wakanifunga ushanga mweupe, wakanirithisha jina lako, na sasa Nchelenge nzima inaniita Chileshe. Jina lako wamenipa, Mama. Kidole chako hawakunipa.

Wewe udongo uliuvisha kwenye kidole gumba chako, kile kinene, na tumbo la filimbi likawa kipimo chake. Ziwani kila mvuvi wetu aliijua ile sauti nzito: mbili fupi, moja ndefu, yaani pengo la matete liko hapa, ingieni. Ile ndefu hukuwahi kuimaliza. Kikohozi kilikukata katikati, nasi tulikuwa tunakucheka.

Tulipoondoa matanga nikaanza kufinyanga. "Mutoto, udongo hauna haraka ya mutu," ulizoea kuniambia. Mimi na haraka zangu! Ya kwanza niliikausha siku mbili tu, ikapasuka motoni. Ya pili ikawa bubu, kwa sababu ukingo wa kidirisha, pale pumzi inapogawanyika, niliukata butu. Ya tatu ikalia. Lakini ililia nyembamba, kama kifaranga, maana kidole changu ni chembamba.

Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo juzi. Mume wangu Chola alikuwa anarudi kutoka upande wa Wabelgiji, ng'ambo ya ziwa, alikokwenda kuuza samaki, mvua ikalifunga ziwa. Matete hayakuonekana tena, na pembeni mwa pengo kuna viboko wenye watoto. Nikasimama penye pengo, nikapuliza. Nikasikia kafi lake karibu kabisa, kisha nikalisikia likienda zake. Alikuwa ananipita!

Nilikukasirikia, Mama. Nilikukasirikia kwa kuondoka na kidole chako. Nikapuliza tena, mbili fupi, halafu ndefu, na ile ndefu ikanikatikia katikati. Kafi likanyamaza. Muda mrefu sikusikia kitu ila mvua. Kisha likaanza tena, likija kwangu.

Chola, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kukutazama usoni, alishuka mtumbwini. "Nilizani ni filimbi ya batu ya Kabuta, kijiji ingine," akasema. "Kisha pumuzi ikakatika. Nikasema, eee, huyu ni mama mukwe."

Nakwambia wewe tu: sikukohoa, Mama. Nilikuwa nalia.

Sasa pumzika. Kesho nachimba udongo mwingine. Nitaufinyanga kwa kidole changu hiki hiki, niukaushe siku zote unazozitaka, kisha niwapulizie wavuvi kila jioni mpaka waizoee sauti yangu. Lakini ile ndefu nitaikata katikati, hata siku nitakayokuwa sina machozi.

Mwanao,
Chileshe wa pili