Nyemo hayumo kwenye matokeo

Alhamisi jioni, Ipagala.

Upepo haujatulia tangu asubuhi. Ni ule wa kipupwe chetu, unaokuja na vumbi jekundu na kuingia hata kwenye kikombe cha chai. Nimefunga madirisha, nimevaa sweta, nimekaa. Chakula kipo jikoni tangu nirudi na sijakigusa.

Leo nimewasilisha utafiti wangu, na watu wamenipigia makofi.

Ningependa kuishia hapo. Mama alipopiga simu kutoka Kondoa kuuliza mambo yameendaje, nilimwambia yamekwenda vizuri, alhamdulillahi. Akafurahi, akaniombea dua. Sikumdanganya. Lakini tangu nikate simu nimebaki na jambo kifuani na sina wa kumwambia, ndiyo maana nimefungua ukurasa wangu huu wa mtandaoni ambao nilikuwa nimeutelekeza.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nje kidogo ya mji, kule ambako lami inaisha na mashamba ya zabibu yanaanza. Nyumbani kwa wanafunzi wangu wengi kinasemwa Kigogo. Kiswahili wanakutana nacho darasani, na wengine wanafika la tano wakiwa bado hawajaweza kukisoma. Hilo lilinisumbua mpaka nikalifanya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Chuoni wanauita utafiti tendaji: mwalimu anaona tatizo darasani kwake, anajaribu njia mpya, anaangalia kilichotokea, anarekebisha, anajaribu tena.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila asubuhi, kipindi cha kwanza, madarasa yanavunjwa. Watoto wa la tatu, la nne na la tano wanachanganywa, kila mmoja anakaa na wale wanaoweza kusoma kama yeye. Wa silabi na wa silabi, wa maneno na wa maneno. Sikuibuni mimi. Inatumika kwingine na inafanya kazi. Nilijua watoto watachekana, kwa hiyo makundi sikuyapa namba. Niliyapa majina ya mazao yetu: Mtama, Karanga, Alizeti, Zabibu. Nilijiona mjanja.

Kabla wiki ya kwanza haijaisha, "Mtama wewe" lilikuwa tusi uwanjani.

Nyemo alikuwa darasa la tano. Mrefu, mwembamba, mwandiko wake mzuri kuliko wa baadhi yetu tunaomfundisha. Alikuwa akinakili ubaoni bila kuruka hata nukta. Kanisani kwao alisimama mstari wa mbele wa kwaya ya watoto, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mikononi. Hakuna aliyewahi kumshuku. Siku ya kuwapima nilimpa kadi yenye sentensi fupi. Akaitazama kwa muda, kisha akanisomea sentensi nyingine kabisa, nzuri, iliyonyooka, ambayo haikuwemo kwenye kadi. Nikampa kadi nyingine, naye akatunga sentensi nyingine. Nilipompa silabi moja moja akainamisha kichwa.

Nikamweka Mtama.

Humo alimkuta mdogo wake, Lea, wa darasa la tatu. Madawati ni ya wadogo na magoti ya Nyemo hayakuingia chini yake, kwa hiyo alikaa upande, miguu ikiwa njiani, kila anayepita anairuka. Lakini alikuwa anajifunza. Hili nataka lieleweke. Alizishika silabi haraka kuliko nilivyotarajia, na asubuhi moja akasoma neno "mbuzi" peke yake bila mimi kufungua mdomo, akaninyanyulia macho. Siku hiyo nilirudi nyumbani naimba.

Ijumaa ndiyo siku ya kupandisha. Nilikuwa nikiwaita mbele walioiva, jina kwa jina, wenzao wanawapigia makofi ya kilo, nao wanabeba mabegi na kuhamia kundi la juu. Watoto waliipenda Ijumaa, na mimi niliipenda zaidi yao. Ijumaa moja niliita jina la Lea. Nyemo alipiga makofi kama wengine. Nilimwona. Hata zipu ya begi la mdogo wake alimfungia yeye.

Jumatatu hakuja.

Nilidhani ni mafua. Nilimuuliza Lea, akasema dada anamsaidia mama. Nikatuma salamu nyumbani, hazikurudi. Zilipozidi kupita siku, nikaenda mwenyewe.

Mama yake alinipokea vizuri. Nilimsalimia kwa Kigogo, "mbukwa", akatabasamu kwa jinsi sisi Warangi tunavyoitamka, akanitolea kigoda. Hakuwa amemkataza mtoto kuja shule. Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, kwamba ile Ijumaa Lea alirudi anaruka, akatangaza nyumba nzima kuwa amemwacha dada yake Mtama. Bibi yao hakuamini. Kila Jumapili bibi huyo alikuwa akiwaonyesha majirani mjukuu wake anayeshika kitabu mbele ya kanisa. Basi akaleta Biblia, akamwambia Nyemo asome mstari mmoja tu, ili Lea afunge mdomo. Bibi alikuwa anamtetea Nyemo. Nyemo alikipokea kitabu, akakitazama, akakirudisha, akatoka nje.

Hakuna aliyempiga wala aliyemcheka.

"Hatukusema kitu," mama akaniambia. Kisha akaongeza kwamba labda ingekuwa heri wangesema.

Nyemo alikuwa nyuma ya nyumba, anapepeta mtama. Akaniamkia shikamoo kwa adabu kama siku zote. Nilikaa kwenye kinu kilicholazwa ubavu, nikasema yote niliyokuwa nimejiandaa kuyasema: kwamba hajachelewa, kwamba alikuwa karibu sana kupanda, kwamba kutojua kusoma si aibu, aibu ni kuacha. Ile ya mwisho nilikuwa nimeipanga njiani nikaiona nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mikononi.

"Mwalimu," akasema, "zamani nilikuwa sijui kusoma, ila hakuna aliyekuwa anajua."

Kisha akaendelea kupepeta.

Niliinuka kwenye kinu, nikaaga.

Nilipompigia msimamizi wangu wa chuo kumuuliza nifanyeje, alinijibu kwa upole, maana ni mtu mpole. Alisema mwanafunzi aliyeondoka katikati hana kipimo cha mwisho, kwa hiyo haingii kwenye ulinganisho. Nimtaje kwenye sehemu ya mapungufu, chini ya mdondoko. Ndivyo utaratibu ulivyo, na yuko sahihi. Nikaandika aya moja. Nimeisoma mara nyingi kuliko aya nyingine yoyote ya kazi hii, na kila nikiisoma naona inamhusu mtoto nisiyemjua.

Jana Mwalimu Mkuu aliniita. Si mtu mbaya. Kila matokeo ya mitihani yakitoka, yeye ndiye anayesimamishwa kwenye vikao aeleze kwa nini shule yetu iko chini, na mpango huu ni kitu cha kwanza kwa miaka ambacho anaweza kukisimulia akiwa ameinua kichwa. Aliniuliza nitasema nini mbele ya walimu wa kata. Nilipomtajia Nyemo akavua miwani.

"Mwalimu Zuhura, kesho tupe matokeo. Hadithi tutapeana wenyewe ofisini."

Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Uwasilishaji ulikuwa kwenye darasa la shule jirani. Nilibandika karatasi zangu za manila ukutani, upepo ukawa unazinyanyua, mwalimu mmoja akanisaidia kuzishika. Nilieleza tulivyoanza na tulipofika. Kwa kweli tumefika mbali. Kuna watoto walioanza mwaka bila kujua herufi na sasa wanasoma hadithi fupi na kukusimulia ilihusu nini. Kuna baba mmoja alikuja shuleni kuhakikisha, maana alidhani mwanawe amekariri. Siwezi kusema natamani nisingeanza. Nyemo angemaliza la saba na mwandiko wake mzuri, asijue alichoandika, na sisi tungempigia makofi pia.

Walipopiga makofi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi sana, kama mtu aliyesahau.

Halafu sikukaa. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaanza kunyanyuka kushukuru. Nikasema kuna mtoto hayumo kwenye hizi karatasi. Sikutaja jina. Nilieleza dawati, makofi ya Ijumaa, Biblia ya bibi, na lile neno aliloniambia nyuma ya nyumba.

Mwalimu mmoja mzee wa shule ile, anayekaribia kustaafu, alinyoosha mkono. Aliuliza kwa wema kabisa.

"Huyo ni mmoja tu, mwalimu?"

Nikasema ndiyo, ninayemjua ni mmoja. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea habari njema ya mgonjwa, na nikaona chumba kizima kinashusha pumzi.

Afisa Elimu Kata alinishukuru. Akasema changamoto hazikosekani. Mpango utaanza kwenye shule zote za kata yetu shule zikifunguliwa. Nilikuwa nimependekeza wakubwa wasiketishwe na wadogo, na kupanda kundi kusitangazwe mbele ya watu. Hayo mawili alisema yataangaliwa. Nimefanya kazi serikalini muda wa kutosha kujua maana yake.

Tukiwa tunarudi, Mwalimu Mkuu alitembea nami mpaka karibu na geti la shule yetu. Hapo ndipo aliposema kwamba nimesema ukweli, ila nimeusema mahali pasipo pake. Sikubishana naye. Nilitaka kumuuliza mahali pake ni wapi, lakini alionekana amechoka kuliko mimi.

Kama siku ingeishia pale, pengine ningekuwa nimeshalala.

Alhamisi mchana huwa tunawapima watoto kwa ajili ya Ijumaa. Nilikuta wenzangu wameshaanza, nikachukua kundi la Karanga, na wa kwanza kuja alikuwa Lea. Nilifarijika kumwona. Lea anasoma siku hizi, tena anasoma kila kinachoandikika: pakiti za chumvi, ubavu wa bodaboda, tangazo la msiba. Juzi nilimsikia anamsomea mwenzake ubao wa matangazo bila kukwama. Nikampa kadi ya aya, rahisi kuliko ule ubao.

Akaanza vizuri, akasita. Akasoma neno la pili vibaya. La tatu akaliruka. Neno "kisima" alilolisoma juzi mbele yangu, leo alilivunja vipande vipande, ki, si, akaishia hapo. Nilimtazama nikaona hatafuti neno. Macho yake yalikuwa yameshafika mwisho wa mstari. Alikuwa anakosea kwa makusudi, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemwaga maji kidogo kidogo asisikike.

Niliwatoa wengine nje wakacheze. Nikapiga goti pale kwenye dawati lake, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba maneno yale anayajua, mimi najua kwamba anayajua.

Hakukataa. Alikuwa anakunja na kukunjua kona ya sketi yake.

"Namsubiri dada," akasema.

Nimewasomea watu leo karatasi za manila zinazoonyesha watoto wanapanda. Na mchana huohuo mtoto wa darasa la tatu ameniambia kwamba amejizuia asipande. Tangu lini, sikumuuliza. Niliogopa jibu. Nilichukua kadi mkononi mwake, nikamwambia akacheze na wenzake. Akaenda, lakini hakucheza. Alisimama ukutani upande usio na upepo mpaka kengele ya kutoka ilipolia.

Wazee wetu waliokuwa wakitufundisha walikuwa wakituchapa tukikosea. Sisi hatuchapi. Tunapanga makundi na kuyapa majina mazuri. Nimekaa hapa najiuliza kama mtoto anaona tofauti.

Kesho ni Ijumaa. Sitaita jina la mtoto yeyote mbele ya wenzake. Watakaohama nitawanong'oneza mmoja mmoja, na makofi hayatakuwepo. Watoto watanuna, Mwalimu Mkuu ataniuliza, nitamjibu. Hilo ninaliweza bila kusubiri liangaliwe.

La pili ndilo linaloninyima usingizi kabla hata sijapanda kitandani. Nimeamua kupitia kwao asubuhi, kabla ya kengele. Najua kuna jambo moja ambalo pengine litamtoa Nyemo nyuma ya ile nyumba: kumwambia kwamba mdogo wake anajua kusoma na amekataa kusoma kwa ajili yake. Pengine litamrudisha. Pengine litakuwa mzigo mwingine ninaomtwika mtoto kwa kisingizio cha kumsaidia, kama ule wa kwanza.

Nitakapofika mlangoni kwao, nilitamke au nilimeze?