Lori la Mayai

Jumatatu, 3 Machi

"Hiyo kitu ilikufa, Nekesa. Iliyokufa haifukuliwi." Baldev, kwa simu, asubuhi. Kisha akakata.

Uongo. Tena uongo wa kivivu. Mchezo wa kompyuta haufi. Kinachokufa ni mashine iliyouelewa. Ukiupatia mashine nyingine ya kuuelewa, unaamka pale ulipolala. Ningemwambia hivyo kama asingekata.

Chai nimeinywa kwa hasira. Tangu kiharusi kimlaze mkono wa kulia, Baldev hataki wageni, hataki mazoezi, hataki hata kunipinga. Miaka yote niliyoandika makala gazetini, wa kwanza kunipigia na kunichambua alikuwa yeye. Sasa natukanwa na wajinga tu. Mkewe, Manjeet, anasema anatazama ukuta kutwa.

Namtaka adui yangu arudi. Ndiyo maana nautaka ule mchezo.

Jumanne, 4 Machi

Mjini. Duka la baba yake Baldev, Mtaa wa Biashara, sasa linauza kava za simu. Pale ndipo tulipocheza baada ya shule, mimi binti wa seremala aliyetengeneza rafu, yeye mwana wa mwenye duka. Mchezo wenyewe: lori limejaa mayai. Barabara ya milimani, madaraja yaliyokatika. Jina lake halisi lilikuwa limefutika kwenye flopi, ile diski bapa ya zamani. Tuliuita Lori la Mayai.

Papaji, baba yake Baldev, alikuwa na sheria moja: kibodi moja, watoto wawili. Anayetaka kucheza peke yake aende kwao.

Nimepata kifaa cha kusomea flopi kwenye kibanda cha vitu vya mtumba. Muuzaji akacheka, akasema, "Mathe, hii ni ya makumbusho." Nikamjibu kwamba makumbusho ni mahali pa heshima, hakuna kava za simu. Akapunguza bei. Afadhali.

Jumatano, 5 Machi

Flopi imesomeka. Ilikaa kwenye kopo la biskuti tangu ujana wangu, ikahama nami nyumba hadi nyumba, mpaka hapa Riruta. Kipande cha plastiki. Na kila kitu bado kimo ndani. Nimeishika mkononi kama yai lenyewe.

Kompyuta yangu mpya imekataa. Programu hii haiwezi kuendeshwa hapa. Bila sababu, bila pole. Kama askari wa geti kule Lavington akiona viatu vyako vina vumbi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili nimesoma ushauri wa watu mtandaoni. Wanagombana vizuri, nimewapenda. Kumbe kuna programu inayoigiza kompyuta ya zamani. Kompyuta mpya inafungua dirisha dogo, na ndani ya dirisha hilo inajifanya nyanya yake: kumbukumbu kiduchu, rangi chache, mlio mmoja mwembamba. Mchezo hauulizi lolote. Unaamini uko nyumbani.

Lori likatokea. Samawati ileile. Nilisimama, mkono mdomoni.

Halafu likatumbukia bondeni kabla sijagusa kitufe. Nikaanza upya. Likatumbukia tena. Kasi ya kichaa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeelewa. Mchezo hauna saa yake. Hupima muda kwa mapigo ya mashine, na mashine ya leo moyo unakwenda mbio mno. Lazima uiambie iende pole. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Mara mayai yakaanza kutikisika kwa ule mwendo ninaoujua.

Nimekaa nikitazama tu. Mashine yenye nguvu zote hizi inajizuia ili kitu kizee kipate kutembea kando yake. Hakuna mwanasiasa ninayemjua anayeweza hilo.

Daraja la kwanza, nimeanguka. Kila mara. Najua kwenda kushoto na kulia tu. Kuruka na breki vilikuwa vya Baldev. Sikuwahi kuvigusa.

Jumapili, 9 Machi

Muthangari, kwa Baldev. Manjeet kanifungulia, kanionya kwamba mumewe hataongea. Nimeweka kompyuta mezani, na kibodi mbili, ili kila mtu awe na yake. Baldev akazitazama.

"Umeleta mbili? Papaji angekutoa nje."

Moja nikairudisha mkobani, nimeinamisha uso asione furaha yangu.

Nikawasha. Mlio wa injini ukaanza. Akasogea mbele, macho yamemtoka kama mtoto. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, umelala pajani. Ule wa breki.

"Breki yangu imekufa. Enda home, Nekesa."

Nilikuwa na hoja tatu. Zote nzuri. Nikazimeza. Nikabeba kiti changu, nikahamia kulia kwake, nikasukuma kibodi hadi vitufe vyangu vikawa chini ya mkono wake wa kushoto.

"Basi endesha," nikamwambia. "Breki nashika mimi."

"Wewe? Wewe hujawahi kufunga breki tangu uzaliwe."

Tukaanguka. Tukaanguka tena. Akanitukana kwa Kiswahili, kwa Kipunjabi, kwa Kiingereza chake cha uwakili. Nilifunga mapema, niliruka nimechelewa. Kazi ngumu ajabu. Unamtazama dereva, unakisia kosa lake kabla hajalifanya. Miaka yote nilidhani ni mimi niliyeyafikisha mayai yale.

Kisha daraja la kwanza likapita chini yetu. Manjeet alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga, hasogei. Baldev akalielekeza lori kwenye daraja la pili.

Jumatano, 12 Machi

Baldev kanipigia kabla ya chai. Kaipinga makala yangu ya leo aya kwa aya. Kwenye aya ya pili yuko sahihi. Sikumwambia. Mwishoni, kama jambo dogo, akasema amemruhusu yule wa mazoezi ya viungo arudi. Anataka breki yake, maana mimi naharibu.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Mkono wake bado umelala. Tumefika daraja la tatu na kuanguka. Hakuna aliyelalamika. Dirisha dogo linang'aa, injini inanguruma polepole, mayai yanatikisika.

Nyinyi mnaounda mifumo mipya ya kompyuta, mnaofunga mlango mwingine kila mnaposonga mbele: uacheni wazi. Kuna watu bado tuko njiani, na tumebeba mayai.