Hodi Kutoka Mawinguni

Los Angeles, 10 Februari 1946

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: miguu ya Corinne Vale si ya Corinne Vale. Ni ya Baba.

Naona nimeanza vibaya. Mimi ni Thelma Ostby, mtoto wa mwanao Nels. Nina miaka kumi na tano, bado niko shule, na hatujawahi kuonana. U mzima? Macho yanaendeleaje? Ulimwandikia Baba kumpa habari ya msiba wa Babu, ukasema ukungu umeanza kukuingia machoni. Barua hiyo iko juu ya kabati la vyombo. Baba huishusha, huisoma, huirudisha. Hajibu. Ndiyo maana nakuandikia mimi, naye hajui.

Pengine huko Minnesota hammjui Corinne Vale. Hapa sura yake iko mpaka kwenye makopo ya poda. Ana nywele nyekundu, na akipita, mafundi wa taa walio juu hushikilia ngazi kwa mikono miwili. Sasa anacheza filamu ya nyimbo na maajabu. Yeye ni nyota, nyota hasa ya mbinguni, inayoanguka na kutoboa paa la duka la mikate mjini New York. Anacheza vizuri mno, dansi ile ya kugonga sakafu kwa viatu. Lakini wakati wa kupiga picha muziki unatoka kwenye vipaza sauti na mwongozaji anapiga kelele, kwa hiyo mlio wa viatu haunaswi. Baadaye kuna mtu anaingia chumba cha sauti, anavaa viatu vyenye vyuma chini ya soli, anatazama picha ukutani, na kila alipokanyaga Corinne naye anakanyaga. Mtu huyo ni Baba. Ameweka sahihi kwamba hatasema. Jina lake haliandikwi popote.

Nadhani ndiyo sababu hajibu. Aliwahi kuniambia kwamba siku alipoondoka kwenu aliapa atarudi jina lake likiwa kwenye mabango.

Mjukuu wako,
Thelma

*

Minnesota, 3 Machi 1946

Mjukuu wangu Thelma,

Marahaba, mwanangu. Sijui nianzie wapi kushukuru. Mimi ni mzima wa mwili, ila jicho la kulia limeshafunga, na la kushoto linaona kama kupitia glasi ya maziwa. Anayeniandikia ni jirani yangu Hulda Brekke, na ndiye aliyenisomea barua yako. Ameapa juu ya Biblia kwamba habari ya miguu itabaki hapa jikoni. (Nimeapa kweli. Lakini nilicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye unga. Ni mimi, Hulda.)

Babu yako alikuwa mchungaji, mtu mwema na mgumu kama mlango wa ghala. Alisema viatu vile vya Nels vya kuchezea dansi havitavuka kizingiti chake. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na ufagio mkononi, sikusema neno. Nels aliniangalia mimi. Hakumwangalia baba yake. Kisha akatoka.

Sihitaji jina lake liwe kwenye mabango. Nataka kujua jambo moja kabla jicho hili la pili halijafunga: mwanangu ananikumbuka kwa wema, au ananikumbuka kwa ule ukimya? Muulize. Ukishindwa kumuuliza, msikilize.

Kula vizuri. Huko kwenu nasikia watu wanaishi kwa majani na machungwa.

Bibi yako

(Hizo nywele ni nyekundu za kuzaliwa? H.)

*

Los Angeles, 28 Aprili 1946

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na msalimie sana Bi Hulda. Mwambie nywele zinapakwa rangi kila Jumatatu.

Nilijaribu kumuuliza. Nilijifunza swali lote kwa moyo nikitoka maktaba. Tulipokaa mezani nikasema, "Baba, ukimkumbuka Bibi, huwa unakumbuka nini?" Akasema, "Kula viazi, vinapoa." Basi nikala viazi. Mimi si mtu wa kuuliza mara mbili. Hata darasani ni hivyo.

Lakini nimemsikiliza, kama ulivyosema, na kuna jambo limetokea.

Mwishoni mwa filamu nyota inapanda mawinguni kurudi kwao, na huko juu inacheza peke yake huku ikifikiri iende au ibaki na mwoka mikate wa lile duka, ambaye imempenda. Mawingu yenyewe ni moshi wa barafu kavu. Siku ya kupiga picha waliumimina kupita kiasi. Ulipanda mpaka magotini kwa Corinne Vale, na mwongozaji kwa furaha ya kuona uso wake ulivyong'aa hakutazama chini. Picha ilipooshwa, kipande kirefu hakina miguu! Na gauni lilikuwa limeshaharibiwa na unyevu, shanga zikidondoka kama mvua ya mawe, kwa hiyo kurudia hakuwezekani.

Baba akasimama chumba cha sauti, viatu miguuni, hana cha kufuata. Nilikuwa pale, nasoma kwenye kona kama kila siku baada ya shule. Wakamwita Corinne Vale mwenyewe aje akumbuke. Alikuja na vibanio kichwani, peku, anakula tufaha.

"Ulikanyaga nini hapa, mama?" Bwana Pruitt, mkuu wa muziki, alimuuliza.

"Mawingu, jamani! Nitajuaje?" Akamgeukia Baba, akamtazama kuanzia chini. "Kwa hiyo wewe ndiye miguu yangu. Mungu wangu, mbona ni mikubwa hivi?"

"Pole, Bi Vale," Baba akasema. "Najitahidi kuikunja."

Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha akasema, "Bwana Ostby, sikumbuki kitu. Hapa cheza yako. Nani ataona?"

Baba akacheza yake. Bibi, nimemsikia akifanya mazoezi maisha yangu yote, lakini kitu kama hicho sijawahi kukisikia. Alicheza kwa wepesi, halafu ghafla akaacha mbwembwe zote na kugonga tu, mapigo machache ya wazi, kisha akasimama tuli kama mtu anayesubiri. Baada ya hapo akaendelea.

"Hapo katikati umepotea," Bwana Pruitt akasema. "Ule si muziki. Ni mtu anabisha hodi. Halafu ukasahau kumalizia."

"Sijasahau," Baba akasema.

"Nitaukata."

"Kwa nini?" Corinne Vale alisema, tufaha mdomoni. "Ninayemcheza ni mgeni kutoka mbinguni. Mara ya kwanza aliingia kwa watu kupitia darini. Si vizuri sasa amejifunza kubisha hodi?"

Bwana Pruitt akasema ataamua wakati wa kuunganisha vipande vya filamu. Njiani nilimuuliza Baba ile ilikuwa nini. Akasema, "Ni miguu tu." Lakini alikuwa amefumba macho alipokuwa anagonga. Sijui kama hilo ni jibu la swali lako. Naliandika kama nilivyoliona.

Mjukuu wako,
Thelma

*

Minnesota, 16 Juni 1946

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako Hulda amenisomea mara nyingi hadi ameanza kuigiza sauti. Tufaha analo kweli mkononi.

Mimi hali si mbaya. Jicho la kushoto sasa linajua mchana na usiku, basi. Najua njia ya kwenda bandani kwa kuhesabu nguzo za uzio.

Sijawahi kuingia jumba la sinema. Nilikuwa mke wa mchungaji, ningepitaje mlangoni? Na sasa kipofu aende sinema, watu wa kanisani si watasema nimechanganyikiwa? (Tayari wanasema. Tutakwenda. H.) Usimwambie baba yako. Sitaki ajibu kwa kunihurumia. Niambie tu kama yule bwana amekata ile hodi.

Bibi yako

*

Los Angeles, 15 Desemba 1946

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Nilikuwa nasubiri kama wewe.

Filamu imetoka. Baba hakutaka kwenda. Alisema ameshaiona vipande vipande inatosha, akapanda kwenye chumba chake cha darini, kile kilicho juu ya jiko letu, akajifungia. Hukaa huko siku hizi. Studio imeleta kijana wa kujifunza kazi yake, kwa kuwa goti la Baba limeanza kuvimba, naye anadhani mimi sijui. Basi nikaenda peke yangu, kwa mara ya kwanza. Nilinunua tiketi kwa kunong'ona, mwuzaji akanirudisha mara mbili niseme kwa sauti.

Corinne Vale alikuwa mzuri hivi kwamba mwanamke aliyekaa mbele yangu alivua kofia bila kuambiwa. Mawingu yalipokuja nilishika kiti. Muziki ukapungua. Hodi ipo, Bibi. Haijakatwa. Kisha pakawa kimya, na katika kimya kile ukumbi wote ulikaa bila kukohoa. Hawakujua wanasubiri nini. Hata mimi sijui.

Miji midogo huletewa filamu kwa kuchelewa, kwa hiyo itawafikia baada ya Krismasi. Mwambie Bi Hulda awe anatazama matangazo.

Mjukuu wako,
Thelma

*

Minnesota, 23 Februari 1947

Mjukuu wangu Thelma,

Marahaba, mwanangu, na marahaba tena. Tulikwenda jana. Theluji ilifika kwenye buti, Hulda akanivuta kama ndama. Tulikaa nyuma karibu na mlango.

Sikuona kitu ila mwanga ukichezacheza. Hulda alinieleza kila gauni mpaka watu wakamwambia anyamaze. Lakini ile miguu nilianza kuijua mapema, mlio wa kwanza tu kwenye duka la mikate. Nels aliwahi kuanguka kutoka dari ya ghala akiwa mdogo, na kisigino chake cha kushoto tangu hapo huchelewa kidogo, kama mtu anayemsubiri mwenzake. Nikakaa nikamsikiliza mwanangu akipita. Kisha Hulda akanong'ona, "Mawingu."

Thelma, sikiliza nikueleze. Nels alikuwa analala darini, juu ya jiko langu, kama alivyo sasa kwenu. Babu yako hakupenda kelele wala kuitana ndani ya nyumba. Kwa hiyo chakula kikiiva niligonga dari kwa mpini wa ufagio: mbili taratibu, tatu za haraka, natulia, halafu moja. Maana yake, shuka ule. Naye hujibu kwa kisigino mara mbili, nakuja. Mchungaji alidhani nawaondoa buibui. Hakuna aliyejua ila mimi na yeye.

Ndiyo ile. Mbili, tatu, kimya, moja. Halafu akanisubiri.

Basi nikainua fimbo yangu nikagonga sakafu ya lile jumba mara mbili. Kijana mmoja akasema, "Nyamaza, bibi!" (Nikamwambia anyamaze yeye, huyu mama anaongea na mtoto wake. Bibi yako amenikataza kuandika kwamba alilia, kwa hiyo siandiki. H.)

Sasa najua. Kimya changu kilimwumiza, lakini anachokisikia akinikumbuka ni ufagio. Mwambie chakula kipo mezani. Na mwambie sitanii: aje na viatu vyake.

Bibi yako

*

Los Angeles, 2 Machi 1947

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana mchana. Sitaandika mengi, nina mtihani kesho na mambo mengine ya kufanya.

Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti la shule. Baba alikuwa juu. Nilipanga jinsi ya kumwambia, nikatunga sentensi kama nne, zote nikaziona hazifai. Kwa hiyo nilipika viazi. Vilipoiva nikachukua ufagio nyuma ya mlango, nikapanda juu ya kiti, nikagonga dari. Mbili taratibu. Tatu za haraka. Nikatulia. Moja.

Juu, nyayo zilizokuwa zinatembea zilisimama. Nilibaki juu ya kiti, ufagio ukigusa dari. Kisha nikasikia kisigino, mara mbili, cha pili kikichelewa kidogo.

Alishuka. Hakuuliza nani kanifundisha. Nilimpa barua yako, akaisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Alicheka kwenye maneno ya Bi Hulda. Halafu akaniuliza kama nina koti la kuhimili theluji, nikasema sina, akasema hata yeye hana.

Leo tumenunua makoti mawili na tiketi mbili za treni. Tutafika Jumamosi jioni. Baba alikuwa ameviacha viatu vyake darini, kwa hiyo nilipanda nikavichukua, nikavifunga kwa gazeti, nikaviweka kwenye sanduku langu chini ya vitabu.

Mjukuu wako,
Thelma